KOMANDA SI BUNIA

Maneno kwa mfanyakazi anayerudi kutoka likizo kwa pikipiki, na kwa wale wanaomngoja nyumbani



Katika mgodi sote tunaijua saa ya mwisho ya zamu. Vyombo vinakusanywa, watu wanaanza kuzungumza juu ya chakula, na mkono unavua glavu kabla kazi haijaisha kweli. Ni saa ambayo kapita mwenye akili anazunguka mara mbili badala ya mara moja. Safari ndefu ya pikipiki ina saa yake ya namna hiyo, nayo ni siku nzima: siku ya mwisho. Lakini njiani hakuna kapita wa kukuambia «ngoja kwanza». Uko peke yako na pikipiki yako, mzigo nyuma, na harufu ya nyumbani iko puani tayari.

Wengi wetu tuna jamaa mbali. Wakati wa konje, mwenye pikipiki haangalii lori. Anaweka esanse na kwenda. Tuchukue njia moja ambayo wengi wanaijua, ile ya Kisangani. Kutoka Kisangani unapita Bafwasende, Nia-Nia, Epulu katikati ya hifadhi ya okapi, Mambasa, Lolwa, daraja la mto Ituri, na ndipo Komanda. Hapo njia inagawanyika: moja inaenda kusini kuelekea Beni, nyingine ni ya kwetu, kupitia Irumu na Marabo mpaka Bunia. Jumla ni karibu kilomita 700. Kwa pikipiki yenye mzigo ni siku tatu au nne njia ikiwa kavu. Mvua ikinyesha, usihesabu.

Sasa jiulize, ndugu: katika siku hizo nne, ni siku gani unayoiogopa? Wengi watajibu siku ya pili, yenye matope, mashimo ya kumeza gurudumu, na magari makubwa yaliyolala ubavu. Jibu hilo si baya. Lakini siku ya pili wewe mwenyewe uko macho. Njia mbaya inakuamsha. Kila shimo linakuuliza swali, nawe unalijibu. Hatari nyingine inaanza pale msitu unapoisha.

Ukifika Komanda, miti mirefu iko nyuma yako. Mbele ni vilima vya majani, mbingu iliyo wazi, jua na upepo. Zimebaki kilomita 75 tu. Umekwisha kupita zaidi ya 600, hizi 75 ni nini? Unamwambia mwenye kuuza mihogo ya kuchoma: «Mimi nimefika.» Hapana, baba. Komanda si Bunia.

Saa nane mchana

Mwili wa mtu una saa yake ndani, nayo haiendi kwa kupenda kwetu. Kila siku usingizi unashuka mara mbili: mara kubwa usiku wa manane mpaka alfajiri, na mara ndogo kati ya saa nane na saa kumi mchana, hata kama hukula sana. Wenzetu wa zamu ya usiku wanaifahamu ile ya kwanza. Ile ya pili inamkuta msafiri aliyetoka Mambasa asubuhi mahali hasa pale: kati ya Komanda na Irumu, jua kali, injini inalia sauti moja, njia imekuwa nzuri kidogo.

Na usingizi unaomchukua mwendeshaji wa pikipiki si ule wa kupiga miayo na kujilaza. Ni usingizi wa kuiba. Macho yanafunga sekunde mbili, tatu, halafu yanafungua, na mtu hajui kwamba alilala. Piga hesabu nasi. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita mita karibu 17 kwa kila sekunde. Sekunde tatu za macho kufungwa ni mita 50. Katika mita 50 hizo kunaweza kuwa na mbuzi, mtoto mwenye bidoni ya maji, au lori lililosimama bila taa.

Mwaka 1997 wataalamu wawili huko Australia, Dawson na Reid, walichapisha jaribio ambalo kila mfanyakazi wa zamu angepaswa kulijua. Waliwaacha watu bila kulala na kuwapima jinsi mkono na jicho vinavyofanya kazi pamoja, kisha wakalinganisha na watu waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 alikuwa kama yule mwenye pombe ya 0.05 kwa mia katika damu, kipimo ambacho nchi nyingi zinamkataza mtu kuendesha. Kwa aliyekaa macho saa 24, ilikuwa kama 0.10.

Weka hesabu hiyo njiani. Msafiri ameamka saa kumi ya alfajiri ili awahi. Pineu imetoboka baada ya Lolwa, mvua imemfunga saa mbili chini ya bati la duka, na anaingia Bunia saa tatu za usiku. Amekaa macho saa 17. Hakugusa hata kikombe cha kasiksi, lakini anaendesha kama aliyekunywa. Na hatujahesabu usiku uliotangulia, alipolala juu ya kitanda cha miti huku sikio moja likisikiliza pikipiki.

Dalili ziko, nawe unaweza kuzijua. Hukumbuki kupita kijiji cha mwisho. Gurudumu limegusa majani ya kando nawe hukutaka. Umeweka vitesi vibaya mara mbili. Shingo nzito, macho yana mchanga, mwili unahisi baridi wakati jua ni kali. Ukiona moja ya hizo, usiongeze mwendo ili «umalize haraka». Simama kijijini, penye watu. Weka pikipiki kivulini, ufunguo mfukoni, omba kahawa, kunywa, kisha lala dakika ishirini. Ndiyo, kahawa kwanza, usingizi baadaye: kahawa inachukua karibu nusu saa kufanya kazi mwilini, hivyo itakukuta ukiamka. Kahawa ya Ituri ni nzuri, na kwa kazi hii inafaa kuliko makasu, kuliko kuimba, kuliko kujipiga mashavuni.

Na vile vidonge vinavyouzwa moja moja kando ya njia? Vijana wengi wanameza tramadol ili wasisikie mgongo. Tramadol ni dawa ya maumivu makali, ya kupewa na mganga. Inaondoa sauti ya maumivu, lakini uchovu unabaki, na yenyewe inaweza kuleta usingizi, kizunguzungu, hata kifafa. Fikiria kifafa juu ya pikipiki. Lotoko hatutazungumza, kila mtu anajua, hata yule anayeinywa.

Jua la Bunia halingoji

Sisi tuko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua linatua hapa karibu saa kumi na mbili za jioni, dakika chache mbele au nyuma, na giza linaanguka upesi kama pazia. Wanaotoka upande wa Arua au Kampala wanadanganyika mara nyingi. Saa ya Uganda iko mbele ya yetu kwa saa moja. Kule wamezoea kuona mwanga mpaka karibu saa moja ya usiku. Wakivuka Goli na kurudisha saa nyuma, wanafurahi kama waliopewa saa nzima bure, wakati jua halikuwapa kitu. Na wao wana jambo la pili: Uganda watu wanaendesha kushoto, Kongo kulia. Siku ya kwanza baada ya mpaka kichwa kinakumbuka. Lakini jioni, ukichoka, ukitoka kunywa maji kwenye njia tupu, mkono unarudi wenyewe upande uliouzoea juma zima. Hiyo ni ajali ya uso kwa uso. Wengine hufunga kitambaa kwenye mkono wa kulia wa usukani kwa siku mbili za kwanza. Ni ujanja mdogo, lakini unafaa.

Basi hesabu kwa kurudi nyuma, kama tunavyohesabu baruti. Unataka kuzima injini nyumbani kukiwa bado na mwanga, tuseme saa kumi na moja. Kilomita 75 kwa pikipiki yenye mzigo ni saa mbili hivi. Ongeza saa moja kwa pineu, mvua, au bariere. Imekuwa saa nane. Kwa hiyo, kama saa nane imepita nawe bado uko Komanda, safari ya siku hiyo imeisha. Tafuta pa kulala. Sisi tunaona hivyo, na tunajua wengi watabisha: «Kulala Komanda na nyumba iko pale?» Lakini usiku hakuna unachopata ila saa chache za kitanda chako. Unachoweka mezani ni kikubwa zaidi.

Kuna sababu ya pili, ambayo kila mtu wa Ituri anaijua bila kuandikiwa. Usalama wa njia zetu unabadilika. Njia iliyokuwa tulivu ulipoondoka inaweza kuwa na matatizo unaporudi. Uliza asubuhi, mahali pa kuondokea, tena kwa watu waliotoka upande unaokwenda: wamotari, madereva wa magari, askari wa bariere. Kama wamesema ngojeni, ngoja pamoja na wengine. Mtu anayesafiri peke yake hana haja ya kuwa wa kwanza kupita.

Kaske ya mgodi si ya pikipiki

Hapa tunataka kusimama kidogo, kwa sababu kosa hili tunaliona kila siku. Mfanyakazi anapanda pikipiki na kaske ya mgodi kichwani, naye anajiona amejikinga. Kaske ya mgodi imetengenezwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Haikutengenezwa kwa kichwa kinachoruka mbele na kupiga ardhi kwa ubavu. Nyingi hazina hata mkanda unaofungwa kidevuni. Kabla mtu hajafika chini, kaske imekwisha kwenda zake. Kaske ya pikipiki ina sifongo ngumu ndani, nayo kazi yake ni kupondeka badala ya fuvu lako. Ndiyo maana iliyopata pigo kubwa mara moja haifai tena, hata kama nje inang'aa.

Kofia hizo zina hadithi yake. Tarehe 13 Mei 1935, huko Uingereza, T. E. Lawrence, askari aliyejulikana duniani kwa vita vya Uarabuni, alipanda pikipiki yake kutoka kambi ya Bovington, alikokwenda kupeleka telegramu. Alikuwa anarudi nyumbani kwake Clouds Hill, njia fupi aliyoipita mara nyingi. Alikuwa fundi wa pikipiki, mpenda mwendo. Karibu na nyumba akakuta vijana wawili juu ya baiskeli, akawakwepa, akaanguka. Kichwa kilikuwa wazi. Alilala siku sita bila kuamka, akafa tarehe 19 Mei, mwenye miaka 46. Mmoja wa madaktari walioitwa alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo kile hakikumtoka moyoni. Alichunguza ajali za waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akaandika jinsi kofia ngumu inavyookoa maisha; mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawalazimisha waendeshaji wake kuivaa kazini. Tangu wakati ule uchunguzi mwingi umefanywa. Ule uliokusanywa mwaka 2008 kutoka nchi mbalimbali ulionyesha kwamba kofia inapunguza hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Tazama mahali alipoangukia bwana yule: si jangwani alikopigana, ila karibu na mlango wake.

Siku ya mwisho ndiyo siku ambayo kaske inatoka kichwani. Joto limekuwa jingi, mkanda unakuna, tumekaribia, tena watu wa mtaa watamwona mtu amerudi na uso wake uonekane vizuri. Kaske inaning'inia kwenye kiwiko. Kiwiko hakina ubongo, ndugu.

Asubuhi kabla ya kupiga injini

Pikipiki nayo imechoka. Siku tatu za mtetemo zinafungua kila kitu kinachofungwa kwa mkono. Kabla ya kutoka Mambasa, pita na ufunguo kwenye parafujo za magurudumu na za gari la mzigo. Piga nyuzi za gurudumu moja moja kwa kidole: ile isiyolia kama wenzake imelegea. Mnyororo uwe na mchezo kidogo, usiwe kama kamba ya kuanikia nguo. Angalia mikanda ya mpira inayofunga mzigo, hasa ncha zake. Ncha iliyolegea ikiingia katika mnyororo, gurudumu la nyuma linakufa palepale. Kitenge cha mama aliyekaa nyuma kinafanya hivyo hivyo.

Juu ya mzigo tuseme ukweli. Hakuna anayerudi nyumbani mikono mitupu, wala hatumwombi mtu afanye hivyo. Lakini bidoni ya mafuta ya mawese juu ya gunia la mchele, na kuku juu ya bidoni, ni kitu kinachokuvuta nyuma kwenye kilima na kukusukuma mbele kwenye mteremko, tena mafuta yenyewe yanacheza ndani. Kizito kiwekwe chini na karibu na mgongo wako. Kilichozidi, mpe mwenye gari, kitakufuata kesho.

Na mikono yako je? Wenzetu wanaoshika mashine ya kutoboa mwamba wanajua vidole kufa ganzi. Usukani unafanya vilevile. Mkono wenye ganzi haujui umekaza breki kiasi gani. Simama kila saa moja, nyosha vidole, kunywa maji hata kama huna kiu. Ukisikia kichwa kinauma na baridi mifupani, usiseme upesi ni uchovu wa njia. Malaria kali inaweza kuonekana siku 7 mpaka 14 baada ya kuumwa na mbu, nawe umelala msitu bila chandarua wakati wa kwenda. Mtu mwenye homa asiendeshe. Komanda kuna mahali pa kupima damu. Na ukifika, nenda dispansari siku ile ile.

Kwa wanaongoja

Mama, sasa tunazungumza nawe. Tunajua furaha ya siku hiyo. Sombe imetwangwa, samaki wa Tchomia wamenunuliwa, watoto wameoga mapema. Na simu iko mkononi. «Baba, umefika wapi?» Nusu saa baadaye: «Mbona hufiki? Bugali litapoa.» Unampenda, ndiyo sababu. Lakini kila mara simu inapolia, anaendesha kwa mkono mmoja au anaongeza mwendo. Patana naye kabla: atapiga akitoka Mambasa, atapiga akifika Komanda. Akisema «nalala hapa», mjibu «lala vizuri», wala usimwulize analala kwa nani. Maneno haya yanaonekana kama mchezo, lakini tunajua wanaume waliopanda pikipiki usiku ili tu kuepuka swali hilo.

Na nyinyi wakubwa wa timu, msituache pembeni. Mtu ambaye konje yake inaisha Jumapili na zamu inaanza Jumatatu saa kumi na mbili za asubuhi, atasafiri Jumapili usiku hata kama mbingu inaanguka. Akipiga simu kutoka Komanda kuomba siku moja, siku hiyo ni rahisi kuliko kutafuta mtu wa kumfundisha kazi yake. Tena mtu aliyeshuka kwenye pikipiki usiku wa manane hafai kushika mashine alfajiri.

Anapoingia uani, washikeni watoto kwanza. Bomba la moshi lililofanya kazi siku nzima linachoma mguu wa mtoto hata baada ya injini kuzimwa. Likimchoma, mwaga maji safi ya baridi dakika ishirini. Si dawa ya meno, si mafuta.

Halafu mwangalie yeye. Suruali imepasuka gotini? Kaske ina mkwaruzo mpya? Atasema: «Nilianguka kidogo kule Marabo, si kitu.» Labda si kitu. Lakini damu inaweza kutoka polepole ndani ya fuvu, na mtu akala, akacheka, akasalimia jirani, hali yake ikageuka baada ya saa kadhaa. Usimwache alale peke yake usiku huo. Mwamshe kila saa mbili, umwulize jina la mtoto wa mwisho, umwangalie macho kwa taa. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika zaidi ya mara moja, maneno yasiyoeleweka, mkono au mguu kulegea, mboni moja kubwa kuliko nyingine, damu au maji kutoka sikioni, usingizi usioamshika: ukiona hata moja kati ya hizo, usingoje mapambazuko. Usimpe pombe, wala dawa ya usingizi, wala aspirini.

Usimpandishe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, shingo ikining'inia, kama tunavyoona kila mara. Tafuta gari ambalo atalala sawasawa, au tipoi na vijana wanne, kichwa na shingo vikiwa mstari mmoja na mgongo. Akitapika, mgeuzeni mwili mzima ubavu kwa pamoja. Mwambie mganga alianguka saa ngapi, kama alizimia, na dawa gani alimeza njiani. Chukua na ile kaske, mganga aone pigo lilikuwa upande gani.